Barua ya wazi kwa magavana wa Pwani: ghala moja la chakula kwa kaunti sita

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Waheshimiwa Maspika na Wawakilishi wa Wadi. Na uongozi wa Jumuiya ya Kaunti za Pwani.

KUH: BENKI YA CHAKULA YA KANDA YA PWANI

Waheshimiwa,

Kazi yetu ni chakula cha msaada: kukipokea, kukikagua, kukihifadhi na kukigawa. Tunawaletea ombi moja. Kaunti zenu sita zijenge na kuendesha kwa pamoja ghala moja la kupokea chakula cha ziada, lenye chumba cha baridi, magari na hesabu zinazoaminika, nalo lifanye kazi mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe.

Hapa kwetu chakula hutupwa na watu hulala njaa siku hiyo hiyo. Magari ya nyanya, kabichi, vitunguu na ndizi huingia soko la Kongowea, Mombasa, usiku; kufika adhuhuri, ambacho hakijapata mnunuzi huanza kulainika kwa joto, na jioni huzolewa na takataka. Msimu wa maembe, kuanzia Novemba hadi Machi, matunda ya Magarini, Malindi na Tana River huozea chini ya miti kwa sababu bei aliyotaja dalali haifikii hata gharama ya kuchuma. Wakati huo huo Ganze, Kinango na Tana Delta kuna nyumba zinazopika mara moja kwa siku. Kaunti tano kati ya sita zenu zimo katika orodha ya kaunti 23 za ukame zinazofuatiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA. Kutoka Kongowea hadi Ganze ni safari ya saa chache kwa lori. Kinachokosekana katikati ni mahali pa kukilaza chakula kwa siku mbili tatu, gari la kukipeleka, na mtu anayejibu kikiharibika.

Utaratibu tulio nao sasa ni wa kungoja. Ukame ukitangazwa, fedha za dharura hutolewa, zabuni hutangazwa, na mahindi hununuliwa wakati ambapo bei yake imepanda kupita kiasi. Tuliuona mtindo huo tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo. Chakula kilifika, lakini kilifika mifugo ikiwa imekwisha kufa na watoto wamekwisha kudhoofu.

Hata kinapofika, kiasi chake hakijibu mahitaji. Kipimo kinachotumika katika dharura ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa mgao wa kawaida hiyo ni takriban gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharagwe au kunde na gramu 25 za mafuta, pamoja na unga wa lishe na sukari kidogo. Familia ya watu sita kwa siku 30 inahitaji basi kilo 72 za nafaka, karibu kilo 11 za maharagwe na kilo 4.5 za mafuta. Mfuko wa kilo 10 wa unga anaokabidhiwa mama mbele ya kamera unaisha asubuhi ya siku ya tano. Hatusemi haya kumvunjia heshima yeyote aliyetoa. Tunasema kwa sababu bajeti inayopangwa kwa idadi ya mifuko, bila kuuliza mfuko unalisha nani kwa siku ngapi, itashindwa kila mwaka.

Benki ya chakula hufanya kazi kwa njia nyingine. Haigawi chakula kwa mtu mmoja mmoja. Hukusanya ziada kutoka kwa wakulima, masoko, viwanda, maduka makubwa na bandari, hukipima na kukipanga, kisha hukipeleka kwa vikundi ambavyo tayari viko mitaani: jiko la msikiti, kanisa linalolisha wazee, makao ya watoto, shule, zahanati yenye wagonjwa wa lishe. Vikundi hivyo vinawajua watu wao kwa majina na kwa shida zao. Ambacho havina ni ghala, lori na uwezo wa kuzungumza na kiwanda kinachotaka kutoa tani tano kwa mkupuo mmoja. Mpango huu ulianzia Phoenix, Marekani, mwaka 1967. Leo mtandao wa nchi hiyo una benki za kanda zipatazo 200 zinazohudumia vituo vya mitaani vipatavyo 60,000. Nairobi nako kuna Food Banking Kenya. Pwani ina haja ya benki yake yenyewe, kwa sababu joto letu, chumvi yetu na barabara zetu ni vingine.

Jambo la kwanza ambalo ghala hili lazima lijue ni chakula gani kiende wapi. Hapo ndipo mipango mingi huanguka. Nyanya zilizoiva hazipelekwi Hola, kule Tana River. Zitafika zikiwa mchuzi. Mazao ya Kongowea yagawanywe pale pale sokoni, kwenye meza ya kuchambulia, kwa mafungu matatu. Kinachopaswa kuliwa leo kiende majiko ya Kisauni, Likoni na Changamwe kabla ya saa nane mchana. Kinachovumilia siku tatu, kama kabichi, karoti, ndizi mbichi na nyanya zilizoanza tu kugeuka rangi, kipite chumba cha baridi kisha kiende Kilifi, Kwale na Voi. Vyakula vikavu, yaani mahindi, mchele, maharagwe, unga na mafuta, ndivyo vya safari ndefu: Magarini, Tana Delta, Bura, Lamu. Kilichooza kabisa kibaki kwa mwenye nacho, na halmashauri ya soko ikizoe kama kawaida. Tunalisisitiza hili kwa sababu benki isiyojua kukataa hugeuka jaa la bure la wafanyabiashara, ikalipia yenyewe gharama ya kutupa.

Nyanya zihamishwe kutoka masanduku ya mbao na kuingizwa kwenye kreti za plastiki zisizozidi kilo 20. Katika sanduku kubwa safu ya chini hupondwa na uzito wa zilizo juu, na maji ya zilizopondwa huozesha zilizobaki ndani ya usiku mmoja. Kreti mia tano za kurudishwa zitaokoa chakula kingi kuliko lori la pili.

Chumba cha baridi cha mita sita kwa nne, chenye kimo cha mita tatu, kikiachiwa njia ya kupita katikati hubeba tani sita hadi nane za mboga na matunda ndani ya kreti. Vinahitajika viwili, kwa kuwa baridi ya sukuma wiki siyo baridi ya embe. Mboga za majani na karoti zinataka nyuzi 0 hadi 4 za Selsiasi na hewa yenye unyevu. Embe hukaa vizuri kati ya nyuzi 10 na 13, ndizi kati ya 13 na 14. Ukizishusha chini ya hapo ngozi huwa ya kijivu, tunda halitaiva tena, na watu watasema mmewapa sumu. Tena ndizi na maembe yanayoiva hutoa gesi inayozifanya mboga za majani kugeuka manjano. Zikilala chumba kimoja, asubuhi mtakuta mchicha umekwisha.

Mashine ya baridi iliyonunuliwa kwa bei nafuu kwa ajili ya Nairobi haitadumu Nyali wala Mtwapa. Upepo wa bahari hubeba chumvi inayokula mapezi, yaani vibati vyembamba vya alumini, ya kipoozeo cha nje. Zabuni itaje wazi kwamba mapezi yawe yamepakwa kinga ya kutu, na mkataba wa matengenezo uwe na kipengele cha kuyaosha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi angalau kila mwezi. Kuwe na jenereta inayojiwasha yenyewe stima ikikatika, na kipimajoto kinachoandika joto usiku kucha, ili anayefungua mlango alfajiri ajue kama saa nane za usiku chumba kilipanda hadi nyuzi 20. Na chumba kisipakiwe mazao ya moto kutoka shambani yote kwa mara moja. Chumba cha kuhifadhi hakina nguvu ya kupoza tani tano zenye joto la nyuzi 30. Kitahangaika siku nzima, na hata vilivyokuwa vimepoa vitapata joto.

Nafaka ndiyo inayotutia hofu zaidi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na aflatoksini, yaani sumu ya kuvu, isizidi sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla, huku ile ya aina ya B1 isizidi 5. Mwaka 2004 mahindi yaliyooza kwa kuvu huko Makueni, Kitui na jirani zake yaliwafanya watu 317 kuugua, na 125 kati yao wakafa. Sasa hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi kiasi kwamba gunia lililoingia likiwa kavu kabisa hufyonza maji polepole na kupita asilimia 14 likiwa limekaa tu. Kwa hiyo kila shehena ipimwe unyevu mlangoni kwa kudunga magunia ya juu, ya kati na ya chini, maana msambazaji mjanja huweka yaliyo makavu juu. Sampuli ipimwe aflatoksini kabla lori halijashushwa. Kitakachokaa zaidi ya mwezi kiingizwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambayo pia huwaua wadudu wa nafaka, dumuzi na fukusi, bila dawa kwa kuwanyima pumzi. Magunia yapangwe juu ya paleti, nusu mita kutoka ukutani, yaachiwe mita moja chini ya bati. Magunia 20 ya kilo 50 kwa paleti ni tani moja kamili, na hesabu inakuwa rahisi hata kwa mkaguzi anayepita mara moja kwa mwaka. Kinachotangulia kuharibika ndicho kitangulie kutoka, hata kama kiliingia jana.

Kuhusu hoteli za Diani, Nyali na Watamu, tunaomba tahadhari. Chakula kilichokwisha kuwekwa mezani wageni wakajipakulia hakifai kupokelewa. Kilichobaki jikoni, hakijaguswa, kinafaa kwa masharti: ama kibaki juu ya nyuzi 60 mpaka kinapoliwa, ama kipozwe kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Hilo haliwezekani katika sufuria kubwa. Lazima kimwagwe kwenye trei zisizozidi kina cha sentimita tano. Wali ndio wa hatari kuliko watu wanavyodhani. Vijidudu vyake hustahimili kupikwa, huzaliana ukikaa katika joto la kawaida, na sumu wanayoacha haiondoki kwa kuupasha moto. Jodari na vibua hali kadhalika: samaki akikaa bila barafu hufanya sumu ambayo moto wa jikoni hauiwezi. Benki isipokee samaki wa namna hiyo ila akiwa amegandishwa tangu alikotoka. Jambo la heri ni kwamba hoteli hujaa Agosti na Desemba, wakati shule zimefungwa na maelfu ya watoto wamekosa mlo wao wa shuleni. Ziada na uhitaji vinakutana kwenye kalenda. Tuviandalie tu njia.

Maembe hayataliwa yote mabichi hata mkiwa na magari mia. Sehemu yake ikaushwe huko huko Magarini na Garsen, kwa vikaushio vya jua vyenye wavu wa kuzuia nzi. Vipande viwe vya milimita tano hadi nane, vigeuzwe, vikae siku mbili au tatu kulingana na jua. Kilo 10 hadi 12 za maembe mazima hutoa takriban kilo moja ya makavu. Ni kazi nyingi kwa uzito mdogo, lakini kilo hiyo inafika Julai na inabebeka kwa pikipiki.

Bandari ni mlango mkubwa ambao bado hatujaubishia hodi ipasavyo. Bidhaa zisizotolewa kwa wakati huingia ghala la forodha na hatimaye mnadani, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inatambua kuwa za kuharibika haraka haziwezi kungojeshwa. Tunaomba serikali zenu zikubaliane na mamlaka ya forodha na ya viwango juu ya utaratibu mmoja wa maandishi: mchele, maharagwe au mafuta yaliyotelekezwa yakipimwa na kuonekana salama, benki ya kanda iwe ya kwanza kuulizwa. Iandikwe pia, kwa herufi zisizofutika, kwamba shehena iliyokwisha kuhukumiwa kuwa mbovu haitapita mlango wa benki kwa kibali cha mtu yeyote, mkubwa au mdogo. Siku moja ya sukari au mchele mbovu kupitia benki itaua imani ya miaka kumi.

Vikundi vya kupokea navyo vikaguliwe. Viko vya kweli na viko vya kwenye karatasi. Kikundi kiwe na stoo inayofungwa, isiyoingiliwa na panya, mizani yake, daftari lenye sahihi za watu wawili wasio wa nyumba moja, na idadi ya walaji inayolingana na masufuria yaliyo jikoni. Anayedai kulisha watu 300 akiwa na sufuria ya lita 40 anasema uongo, na mkaguzi anayejua kupika ataliona hilo kwa dakika moja. Ukaguzi ufanyike angalau mara mbili kwa mwaka bila taarifa. Ripoti ya kila mgao irudi ndani ya siku 14, na isiporudi mgao unaofuata usimame.

Katika Ramadhani sadaka huwa nyingi, na benki inaweza kusaidia kuzifikisha bara badala ya zote kukusanyika kisiwani Mombasa. Zakatul-fitri, hata hivyo, itunzwe kivyake. Hiyo lazima imfikie mstahiki kabla ya sala ya Idi, haichanganywi na akiba ya ghala, na wanaoigawa wawe wale ambao maimamu wameafikiana nao.

Mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023 yalituonyesha kwamba barabara za Tana River hukatika wakati chakula kinahitajika kuliko siku zote. Kwa sababu hiyo ghala kuu peke yake halitoshi. Ziwepo stoo ndogo za tani 50 Garsen na Hola, zijazwe vyakula vikavu kabla ya mvua za Oktoba na kabla ya mvua za Machi, lori la kwanza likitoka Mombasa wakati barabara bado ni kavu.

Kuna jambo zito kulisema, nalo ni siasa. Gunia lisiwe na picha ya mtu wala rangi ya chama. Tunayajua madhara yake kwa vitendo: mgao hucheleweshwa mpaka mheshimiwa apate nafasi ya kufika, na upande wa wapinzani huachwa hadi mwisho. Anayengoja ni mtoto. Bodi ya benki iwe na mjumbe mmoja kutoka kila kaunti, wawakilishi wa viongozi wa dini, wafanyabiashara wa soko na vikundi vyenyewe, na mwenyekiti azunguke kila mwaka. Hesabu ya kilo zilizoingia, zilizotoka na zilizotupwa ibandikwe hadharani kila mwezi. Zilizotupwa hasa, kwa sababu ghala linalosema halijatupa kitu linaficha.

Tunajua wafanyabiashara wengi wanaogopa kutoa. Wanasema, mtu akiumwa na tumbo watashtakiwa wao. Marekani iliondoa hofu hiyo kwa sheria ya 1996 inayomlinda aliyetoa kwa nia njema, isipokuwa pale penye uzembe mkubwa. Ufaransa mwaka 2016 iliyakataza maduka makubwa ya zaidi ya mita za mraba 400 kuharibu chakula kinacholika na kuyataka yaingie mikataba na mashirika ya msaada. Sheria ya namna hiyo ni ya Bunge la Taifa na Seneti, nanyi mnaweza kuidai mkiwa pamoja. Wakati mnaidai, hamhitaji kumsubiri mtu. Jedwali la Nne la Katiba limewapa ninyi masoko, kilimo, afya ya kaunti na leseni za wanaouza chakula kwa umma, na Kifungu cha 43(1)(c) kimempa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Afisa wa afya ya umma anaweza kupangiwa zamu katika ghala hili kesho asubuhi, na leseni ya duka kubwa inaweza kuandamana na fomu ya kueleza ziada yake inakwenda wapi.

Tunaloomba liingie katika vitabu vyenu ni hili. Kila kaunti itenge sehemu yake ya gharama za kuendesha kwa miaka mitatu mfululizo, zikiwemo mafuta ya magari, stima na mishahara, kwa sababu wafadhili hupenda kununua lori na hakuna apendaye kulipia dizeli. Mombasa itoe kiwanja karibu na Kongowea au upande wa Miritini. Yanunuliwe magari matatu kwa kuanzia: kanta (malori madogo) mbili za tani tatu kwa mizunguko ya mjini, moja ikiwa na baridi, na lori la tani kumi kwa bara. Sehemu ya fedha za mfuko wa dharura wa kaunti inayonunua mahindi wakati wa njaa itumike kununua kutoka kwa wakulima wa Bura, Hola na Taveta wakati wa mavuno, bei ikiwa chini na mkulima akiwa anatafuta mnunuzi. Na mahindi ya msaada yasimwagwe mahali ambapo watu wanavuna, kwani huko yatamfukarisha mkulima yule yule tunayemtegemea mwakani.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kila kaunti huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, Waraka wa Mkakati wa Fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Tunaomba Jumuiya ya Kaunti za Pwani iitishe kikao cha mawaziri wa kilimo, afya na fedha wa kaunti zote sita kabla ya ile tarehe ya Septemba. Tuko tayari kuja na michoro ya ghala, orodha ya vifaa, rasimu ya makubaliano ya vikundi na ratiba ya magari, na kuyajibu maswali yenu mstari kwa mstari.

Wenu katika utumishi,

Wahudumu wa maghala, wapishi na wagawaji wa chakula cha msaada, Pwani ya Kenya